Nani Atausemea Mto Themi?

  

Arusha ni mji wa mahakama. Kuanzia mwaka 1995 hadi mwisho wa mwaka 2015 ilikuwepo hapa Mahakama ya Kimataifa iliyowahukumu wahusika wa mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mahakama ya Afrika Mashariki ilizinduliwa mwaka 2001, na makao yake yako hapa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo imekuwa hapa tangu mwaka 2007. Majaji wanatoka pembe zote za bara, na wanaodhulumiwa husafiri siku nyingi ili wasikilizwe katika mji wetu.

Hata hivyo, mito inayoteremka kutoka Mlima Meru na kuukata mji huo huo haina wa kuisemea. Themi, Naura, Ngarenaro na Burka huzaliwa safi katika misitu ya mlima, kisha hupita katikati ya makazi yetu na kupokea kila tunachokichukia: chupa za plastiki, mafuta ya magari, majitaka na uchafu wa sokoni. Mto Themi hauishii Arusha. Huingia Kikuletwa, na Kikuletwa humwaga maji yake katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo maji hushuka kwa Mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Basi mwenye kuutia uchafu hapa amemtilia mkulima wa chini, mfugaji, mvuvi, na kila kiumbe chenye kunywa njiani. Swali letu mwezi huu ni hili: je, mto una haki? Na kama unayo, ni nani wa kuidai?

Mabaraza ya wananchi ni kitu gani?

Swali hili si letu peke yetu. Mwaka 1966 mwanafalsafa wa Kiingereza Bertrand Russell aliwakusanya watu wenye majina ili wachunguze yaliyotendwa na Marekani katika vita vya Vietnam. Hakuna serikali iliyowatuma, wala hawakuwa na askari hata mmoja. Mwaka 1967 walikaa Sweden na Denmark, wakasikiliza mashahidi, wakatangaza waliyoyaona. Mwaka 1979 iliundwa huko Bologna, Italia, Mahakama ya Kudumu ya Watu kwa kufuata njia hiyo hiyo. Kisha mwezi Januari 2014 ilikutana mjini Quito, Ecuador, Mahakama ya Kimataifa ya Haki za Maumbile. Humo mlalamikaji si mtu. Ni mto, msitu au bahari, na wanadamu husimama kwa niaba yake.

Wapo watakaosema kuwa hayo ni maneno ya wasomi wenye nafasi. Lakini katika miaka hii jambo lenyewe limeingia katika sheria za nchi. Ecuador iliyaandika maumbile kuwa na haki katika Katiba yake ya mwaka 2008. New Zealand mwaka 2017 iliupa Mto Whanganui hadhi ya mtu mbele ya sheria, ikauwekea wasimamizi wawili, mmoja kutoka kwa Wamaori wenye mto na mmoja kutoka serikalini. Bangladesh, nchi ambayo wengi wa watu wake ni Waislamu, mwaka 2019 Mahakama yake Kuu iliutaja Mto Turag na mito yote ya nchi kuwa ina hadhi hiyo, na tume ya taifa ya mito ikafanywa kuwa mlezi wake. Na jirani zetu wa Uganda, katika Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019, wametamka kuwa maumbile yana haki ya kuwepo, kudumu na kujirudishia uhai. Kwa hiyo jambo hili limekwisha kuvuka Ziwa Viktoria, nalo linabisha hodi kwetu.

Je, huku si kuiabudu ardhi?

Baadhi ya ndugu zetu hulisikia neno hili kwa wasiwasi. Husema: leo mto umeitwa mtu, kesho utaombwa mvua. Tahadhari hiyo ina msingi, kwani katika baadhi ya nchi za Amerika ya Kusini lugha ya haki hizi imechanganyika na lugha ya kumtukuza Mama Dunia, na sisi hatuna wa kuabudiwa isipokuwa Allah peke yake. Lakini kukubali kuwa kiumbe kina haki ni jambo moja, na kukiabudu ni jambo jingine kabisa. Yatima ana haki, na hakuna amuabuduye. Jirani ana haki, na hakuna amsujudiae.

Tuutazame wakfu. Msikiti hauna mdomo wala mkono, lakini unamiliki shamba, nyumba na duka. Mwenye kuila mali yake hushitakiwa, na msimamizi wa wakfu ndiye anayesimama kudai. Mafakihi wetu hawakuona ajabu kwa kitu kisicho na pumzi kuwa na mali, madai na mlezi. Kampuni nayo si mtu, lakini kila siku inashitaki na kushitakiwa, na hatujasikia yeyote akisema kuwa inaabudiwa. Ikiwa kampuni inayochota maji ya mto inakubaliwa mahakamani, ni kwa hoja gani mto wenyewe ufungiwe mlango?

Sheikh Izzuddin bin Abdissalaam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, aliziorodhesha katika kitabu chake cha kanuni za hukumu haki za wanyama juu ya mwanadamu, na akazita kwa jina hilo hilo la haki. Miongoni mwake ni kulishwa mnyama hata akizeeka au akaugua kiasi cha kutofaa tena kazi, na kutobebeshwa asichokiweza. Amepokea Abu Daud kuwa Mtume (s.a.w.) aliingia katika bustani ya mmoja wa Answari, akamkuta humo ngamia aliyetokwa na machozi. Akamuita mwenye ngamia na kumueleza kuwa mnyama huyo amemshitakia njaa na kazi za kumchosha. Angalia utaratibu wake, ndugu msomaji: amepatikana mlalamikaji asiyesema lugha ya watu, ameulizwa mmiliki ni nani, na malalamiko yamefikishwa mbele yake. Na katika kisa cha Nabii Swaleh (a.s.) tunafundishwa kuwa ngamia alikuwa na zamu yake ya maji na watu walikuwa na zamu yao. Waliovunja mgawanyo huo tunajua mwisho wao.

Kesi isiyo na askari

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Inasemwa: baraza la wananchi halina polisi, halina gereza, halina dalali wa kukamata mali. Linatoa hukumu, na waliohukumiwa wanakwenda zao kunywa chai. Faida yake nini?

Jibu la kwanza tunalipata hapa hapa chini ya Mlima Meru. Mwishoni mwa mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 katika ardhi ya Ngare Nanyuki, nyumba zikachomwa, na ardhi ikatengwa kwa ajili ya walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Wameru walichangishana fedha, wakamtafuta wakili Earle Seaton, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi Umoja wa Mataifa mjini New York kuieleza dunia yaliyotendeka. Umoja wa Mataifa haukuwa na askari wa kuwarudisha watu Ngare Nanyuki, na pendekezo la kuwatetea halikupata wingi wa kura uliotakiwa katika Baraza Kuu. Kwa kipimo cha mwenye kutazama askari, kesi ile ilishindwa. Lakini iliposimuliwa kijiji kwa kijiji, Watanganyika wengi walijua kwa mara ya kwanza kuwa mtawala anaweza kuitwa mbele ya watu akaulizwa. TANU iliundwa mwaka 1954, na hadithi ya Meru ilikuwa miongoni mwa kuni zilizowasha moto ule.

Jibu la pili liko katika sira. Kabla ya utume, mfanyabiashara kutoka Yemen alidhulumiwa mali yake Makka na mkubwa mmoja wa Kikureishi, naye hakuwa na kabila la kumtetea. Alipanda mlimani akapaza sauti. Wakakutana baadhi ya watu wa Makka katika nyumba ya Abdullah bin Jud'aan, wakaapa kuwa upande wa mdhulumiwa mpaka arudishiwe haki yake. Hiyo ndiyo Hilful-Fudhuul. Makka haikuwa na dola wala kadhi, na waliokula kiapo hawakuwa Waislamu. Hata hivyo, Mtume (s.a.w.), aliyehudhuria akiwa kijana, alikisifu kiapo kile baada ya kupewa utume, na akaeleza kuwa lau angeitwa kwa mfano wake katika Uislamu angeitika. Basi wananchi kukusanyika kwa ajili ya aliyekosa msemaji si bidaa iliyoletwa na Wazungu. Wala si vibaya kukaa humo pamoja na jirani Mkristo au mzee wa mila, maadamu kinachotafutwa ni kuondoa dhulma.

Kesi ya Serengeti

Tena si kila mara wananchi hubaki bila ya mahakama yenye nguvu. Serikali yetu ilipokusudia kujenga barabara ya lami kupita kaskazini mwa Hifadhi ya Serengeti, katika njia ya nyumbu zaidi ya milioni moja wanaohama kila mwaka baina ya Tanzania na Kenya, shirika la kutetea ustawi wa wanyama kutoka Nairobi lilifungua shauri mwaka 2010 katika Mahakama ya Afrika Mashariki hapa Arusha. Tarehe 20 Juni 2014 Divisheni ya Awali ya mahakama hiyo iliamua kuwa mradi huo ungekuwa kinyume cha Mkataba wa Jumuiya, ambao nchi wanachama zimeahidi ndani yake kuhifadhi mazingira.

Tusiseme lisilokuwepo. Mahakama haikutamka kuwa nyumbu ana haki. Ilihukumu kwa Mkataba, na serikali ilikata rufaa. Lakini zingatia ni nani aliyesimama kudai. Hakuwa mwenye shamba lililopitiwa na barabara, wala mfanyabiashara aliyepata hasara. Walikuwa ni watu waliosema: hawa wanyama hawawezi kuja mahakamani, basi tumekuja sisi. Mkataba unamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kufanya hivyo.

Mlango huo, hata hivyo, una kizingiti. Mkataba unataka shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu jambo litendeke au lijulikane. Kwa sababu ya sharti hilo, mwezi Novemba 2023 mahakama ile ile iliitupa kesi ya wanaharakati waliopinga bomba la mafuta kutoka Hoima hadi Tanga, bila ya kuingia katika kiini cha madai yao. Mto haujui kuhesabu miezi miwili. Sumu huingia leo, na madhara yakaonekana baada ya miaka kumi. Hapo ndipo baraza la wananchi lina kazi: kusikiliza yale ambayo saa ya mahakama imekwisha kuyapita.

Haki ya msitu isigeuzwe dhulma kwa watu

Sasa tuseme lile tunalolihofia zaidi. Jina la maumbile linaweza kutumika kuwadhulumu maskini. Mwaka 2009 Waogiek wa Kenya walipewa siku 30 kuondoka katika Msitu wa Mau kwa madai ya kuuhifadhi. Mahakama ya Afrika, katika hukumu iliyoitoa hapa Arusha tarehe 26 Mei 2017, iliona kuwa haikuthibitishwa kuwa Waogiek ndio walioumaliza msitu ule, na kuwa haki zao zimevunjwa. Mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia.

Na Loliondo haiko mbali nasi. Mwezi Juni 2022 ziliwekwa alama za mpaka kuzunguka kilomita za mraba 1,500 kwa hoja ya uhifadhi. Askari polisi mmoja aliuawa, wanavijiji walijeruhiwa, na wengi wakakimbilia Kenya. Kesi ya vijiji hivyo ilitupwa na Mahakama ya Afrika Mashariki mwezi Septemba 2022, kisha mwezi Novemba 2023 Divisheni ya Rufaa ikaagiza isikilizwe upya. Wakati ng'ombe wa Mmasai wakiitwa adui wa uhifadhi, tunajua kuwa tangu mwaka 1992 kitalu cha uwindaji cha Loliondo kilikuwa kimekabidhiwa kwa wawindaji matajiri kutoka Falme za Kiarabu. Tunalisema hili katika gazeti la Waislamu kwa makusudi, kwa kuwa dini ya mwenye kibali haibadilishi hukumu ya jambo.

Mizani yetu ni ile ya Umar bin Khattab (r.a.). Alipoitenga hima, yaani malisho yaliyohifadhiwa, alimuweka Hunayy kuwa msimamizi na kumuusia mambo yaliyopokewa na Bukhari: aogope dua ya mwenye kudhulumiwa, amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Wao, mifugo yao ikifa, wana mashamba na mitende ya kurudia, lakini maskini mifugo yake ikifa atakuja mlangoni na watoto wake. Hiyo ndiyo hifadhi iliyomfungulia mnyonge na kumbana mwenye uwezo. Tunapoona hifadhi inayomfukuza mwenye mbuzi kumi na kumkaribisha mwenye ndege yake, tujue kuwa mizani imepinduliwa.

Yanayotupasa hapa Arusha

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishitaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya moshi na uvundo wa jalala, na Mahakama Kuu ikasimama upande wao kwa kutumia haki ya kuishi iliyomo katika Katiba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imempa kila mtu haki ya mazingira safi na ruhusa ya kufungua shauri pale yanapohatarishwa, na imekataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Kwa upande mwingine, mwaka 2020 sheria ya kutekeleza haki za msingi ilirekebishwa ili anayeshitaki aape jinsi alivyoathirika yeye binafsi, na marekebisho hayo yakabishaniwa mahakamani kwa miaka. Kisa chote ni swali lile lile: ukifa mto, aliyeathirika ni nani? Sisi tunasema: kwanza ni mto wenyewe, na samaki wake, na kila mwenye kunywa.

Kwa hiyo tunapendekeza liundwe baraza la wananchi la Mto Themi, likae hadharani, kwa masharti yafuatayo.

Kwanza, lisikilize pande mbili. Mtume (s.a.w.) alipomtuma Ali (r.a.) Yemen kuwa kadhi, alimkataza kumhukumia wa kwanza kabla ya kumsikia wa pili. Kasoro ya mengi ya mabaraza haya duniani ni kuwa majaji wamekwisha kuamua kabla ya kukaa. Baraza la namna hiyo ni mkutano wa hadhara uliovaa joho. Basi waitwe wenye viwanda, wenye mashamba makubwa ya maua na mboga, waosha magari, wachinjaji, na halmashauri yenyewe. Asiyekuja, iandikwe kuwa aliitwa.

Pili, lihukumu kwa ushahidi uliopimwa. Watu wa Ngarenanyuki na Maji ya Chai wana meno yaliyogeuka rangi na wengine mifupa iliyopinda kwa sababu ya madini ya floridi katika maji. Chanzo chake ni miamba ya volkano ya Meru, si mkono wa mtu. Mwenye kumshitaki mwenye kiwanda kwa floridi ya mlima amedhulumu, hata kama kiwanda hicho kina makosa mengine. Ila asiyewapelekea watu wale maji salama, ilhali anaweza, huyo anayo ya kujibu.

Tatu, likae na wazee wa mlima. Washili wa Wameru na wazee wa Kiarusha wanajua chemchemi ipi ilikauka na mti upi ulikatwa, na walikuwa wakigawana maji ya mifereji kwa zamu kabla ya kuwepo bodi yoyote. Viongozi wa makanisa nao waalikwe, kwani maji hayamuulizi mtu dini yake.

Nne, lisijifanye dola. Liyaandike yote na kuyafikisha kwa vyombo vya sheria: Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, mamlaka ya mazingira, na mahakama inapobidi. Hukumu yake ni ushahidi, na Qur'ani imetukataza kuuficha ushahidi.

Tano, misikiti na madrasa zilizo kando ya mto ziwe za kwanza kukaguliwa: maji ya vyoo yanakwenda wapi, na mabaki ya kuchinja siku ya Idi yanatupwa wapi. Mtume (s.a.w.) alitahadharisha juu ya kujisaidia penye vyanzo vya maji, akakihesabu kitendo hicho kuwa chenye kumletea mtu laana. Anayemdai mwenzake haki ya mto na bomba lake limeelekezwa mtoni hatasikilizwa na mtu.

Ndugu zetu, ipo mahakama ambayo hakuna awezaye kuitupa kesi yake kwa sababu ya muda. Suratuz-Zilzaal, tunayowahifadhisha watoto wetu wa darasa la kwanza, inatufundisha kuwa siku hiyo ardhi itasimulia habari zake, kwa kuwa Mola wake ameiamrisha. Ardhi ya Arusha nayo itasema, na Mto Themi ni sehemu yake. Ni bora tuusikilize leo, tukiwa bado tunaweza kuurudishia haki yake, kuliko kuusikia siku ambayo hatutaweza ila kukiri.